Figo za Mjomba Zilikuwa Kubwa Mno

Figo za mjomba wangu zilikuwa kubwa mno. Ya kulia ilikuwa na urefu wa sentimita 15.1 na ya kushoto 14.7. Namba hizo ziliandikwa mapema kabisa, kwenye karatasi ya altrasaundi ya kwanza, zikatiwa kwenye bahasha ya kaki, na bahasha ikazunguka naye kutoka Eastleigh hadi Ngara hadi mjini. Kila aliyeifungua alikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho, uliosema kwamba figo zote mbili zina ugonjwa, kisha akairudisha.

Figo ya mtu mzima kwa kawaida ina urefu wa sentimita 10 hadi 12 hivi. Ikiharibiwa polepole na presha ya miaka mingi, husinyaa. Daktari akiitazama kwa altrasaundi huona kitu kidogo, ganda lake la nje limekuwa jembamba. Hivyo ndivyo zinavyoonekana figo za wengi wanaofikishwa kwenye mashine za kusafisha damu. Yapo magonjwa machache yanayozima figo huku yakiziacha kubwa: kisukari, virusi vya UKIMWI, ule ugonjwa wa kurithi unaozijaza figo vifuko vya maji, na amiloidi, yaani protini mbovu inayojikusanya mwilini. Na limfoma, saratani ya zile chembe nyeupe za damu zinazoitwa limfositi, ambayo karibu kila mtu anaijua kwa uvimbe wa shingoni au kwapani.

Mjomba hakuwa na uvimbe popote.

Nayaandika haya baada ya kumwomba ruhusa, naye amenipa kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala la duka. Nayaandika kwa sababu nimeona jinsi maneno "figo zimefeli" yanavyofunga mazungumzo hapa Nairobi. Mtu akishaambiwa hivyo, ukoo mzima unageukia mashine: iko wapi, zamu zipo, bima inalipa kiasi gani. Hayo ni maswali ya haki na ya dharura. Ila swali la nini kilichoziangusha hizo figo huachwa nyuma, na kwa mjomba swali hilo ndilo lililomrudisha kwenye cherehani yake.

Mjomba ni fundi wa kanzu na kofia, kazi aliyoirithi kwa babu yetu hapo hapo Majengo, Pumwani. Ramadhani ile alifunga yote, akamaliza nguo za watu kama kawaida yake, na Idi ilipopita akaanza kulegea. Tulidhani ni uchovu wa msimu. Fundi anayekesha akikimbizana na Idi ana haki ya kuchoka. Lakini chakula kilimkinai, akasema kila kitu kina ladha ya shaba mdomoni. Mgongo wa chini, pande zote mbili, ulikuwa mzito. Si maumivu, alisema, ni uzito tu. Akajipunguzia suruali kiunoni kwa mkono wake mwenyewe, na baada ya muda akaipunguza tena. Mama, ambaye ni dada yake mkubwa, aliyaona yale mafundo mawili ya uzi siku moja alipokuwa akimfulia, akanipigia simu.

Kliniki ya kwanza ilimpima presha, ikawa sawa. Sukari ilikuwa sawa pia. Kisha majibu ya damu yakatoka: kreatinini 612. Kwa asiyeijua, kreatinini ni taka inayotokana na misuli, na figo ndizo zinazoitoa. Kwa mwanamume mzima, kwa namba zinazotumiwa na maabara zetu, haitarajiwi kupita 110 hivi. Ikifika mia sita, karibu kazi yote ya figo imekwisha.

Sababu ilipatikana papo hapo. Mjomba amemeza diklofenaki kwa miaka kwa ajili ya mgongo wake, maana kazi ya cherehani humkunja mtu. Aliwahi pia kunywa dawa za mitishamba alizoletewa na rafiki. Kwa hiyo ikasemwa: dawa za maumivu zimemaliza figo. Simlaumu aliyesema hivyo kwa kulifikiria hilo, kwa kuwa ni kweli kabisa kwamba diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao huharibu figo, na watu wengi mtaani kwetu wanazinunua bila kuuliza. Tatizo ni kwamba jibu lenye mantiki lilipopatikana, hakuna aliyetafuta jibu la kweli. Figo zilizoharibiwa na dawa za maumivu kwa miaka mingi hazitarajiwi kuvimba hadi sentimita 15.

Potasiamu yake ilikuwa juu, na potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama. Hapo hapakuwa na mjadala. Aliwekewa mpira shingoni na akaanza dialisisi. Saa nne kwa kila kikao, damu inatoka, inapita kwenye mashine, inarudi. Mungu awalipe wale manesi, kwa kuwa walimpokea kila mara kwa jina lake na kumfunika blanketi kabla hajasema anasikia baridi. Bima ya serikali, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, hulipia vikao vya dialisisi, na bila hiyo sijui tungefanya nini. Yalikuwa maisha mapya ambayo familia nzima iliyapanga upya: nani anampeleka, nani anabaki dukani, nani anapika bila chumvi.

Kisha kikaitishwa kikao cha ukoo nyumbani kwa mama. Binamu yangu, mtoto wa kwanza wa mjomba, alisimama akasema yeye atatoa figo moja. Alisema tu, bila maneno mengi, akakaa. Mkaza mjomba alilia. Wajomba wengine wakaanza kuhesabu: vipimo vya mtoaji, upasuaji, dawa za maisha, kama ni hapa au ni India. Kundi la WhatsApp la mchango likafunguliwa usiku ule ule. Nakumbuka nikiwaza kwamba huu ndio ukoo wangu, na nikashukuru.

Leo nikikumbuka kikao kile huwa natetemeka. Anayepandikizwa figo hupewa dawa za kuutuliza mfumo wa kinga ili mwili usiikatae figo ya mwenzake. Dawa hizo zenyewe zinajulikana kuongeza hatari ya limfoma hata kwa mtu ambaye hakuwa nayo. Kumpandikiza figo mtu ambaye limfoma imo mwilini tayari, haijajulikana wala kutibiwa, ni kumpoteza yeye na kuipoteza figo ya mwanawe pamoja.

Daktari bingwa wa figo tuliyempata baadaye, katika kliniki ya hospitali ya umma, ni mama wa makamo asiye na papara. Foleni nje ilikuwa imefika ngazini. Aliitoa ile karatasi ya altrasaundi kwenye bahasha, akaisoma yote, akarudia.

"Mzee, hizi figo ni zako kweli?"

"Jina langu hilo hapo juu, daktari."

"Mkojo umepimwa?"

Ulikuwa umepimwa, na karatasi ilikuwemo humo humo. Protini kidogo sana, damu hakuna. Akaziweka karatasi mbili sambamba mezani, ya altrasaundi na ya mkojo, akageuza kiti kunitazama mimi na mjomba pamoja. Alitueleza kwa Kiswahili kilichonyooka. Kila figo ina vichujio vidogo mno, kiasi cha milioni moja. Vichujio vikiugua, protini na damu huvuja zikaingia kwenye mkojo, na mara nyingi miguu huvimba. Vya mjomba havikuwa vikivuja. Kwa hiyo vichujio si tatizo kubwa, na figo haikusinyaa, imenenepa. Kuna kitu kimeingia ndani yake, kati ya mirija na mirija, kinaisukuma kwa nje na kuibana kwa ndani.

Alimpapasa shingo, kwapa, kinena, akamlaza akabonyeza upande wa wengu. Hakuna kitu. Akamuuliza kuhusu homa na majasho ya usiku yanayolowesha shuka. Homa hakuna, jasho hakuna, kilo ndizo zilizokwenda. Akaagiza kipimo cha virusi vya UKIMWI, kikatoka hana. Akaagiza kipimo cha LDH, kimeng'enya kinachopanda seli zikiwa zinazaliana na kufa kwa wingi, na cha asidi ya yuriki, taka inayoongezeka seli zikifa kwa wingi. Vyote viwili vilirudi juu sana.

Halafu akakiona kwenye faili cheti cha prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, kilichoandikwa mahali pengine ili kumpa mjomba hamu ya kula na nguvu. Hiki ndicho kipande cha habari hii ambacho ningependa kila mtu aondoke nacho. Aliuliza kama amekwisha kuzinunua. Mjomba akasema bado, mshahara wa mtoto haujaingia. Daktari akakikunja kile cheti akakitia mfukoni kwake.

"Usimeze hata kidonge kimoja kabla sijapata kinyama cha figo."

Sababu yake ni hii. Prednisoloni na jamaa zake huua seli za limfoma haraka sana, na ndiyo maana zimo katika matibabu yake. Lakini mgonjwa akizianza kabla kipande cha nyama hakijachukuliwa, uvimbe unaweza kunywea, mtaalamu wa hadubini akatazama asione kitu cha kutajwa, na mgonjwa akapata nafuu ya wiki chache. Ugonjwa haukupona, umejificha, na utarudi. Mjomba angepata hamu ya kula, figo zingefanya kazi kidogo, na sote tungesema dua zimejibiwa. Ile hali ya mkono kuwa mtupu mwisho wa mwezi ilimwepusha na hilo.

Siku ya kuchukuliwa kinyama niliruhusiwa kuingia hadi pazia. Alilazwa kifudifudi, mto umewekwa chini ya tumbo ili mgongo uinuke. Daktari alimpitishia kichwa cha altrasaundi mgongoni, akaweka alama kwa kalamu, akasafisha, akachoma ganzi. Akamwambia, "Mzee, vuta pumzi, ishike, usitikisike." Sindano ile ina springi ndani. Ilitoa mlio mmoja, tap, mkavu, nami nikaruka mjomba akiwa ametulia. Wakamwambia apumue. Kilichotoka kilikuwa kinyama cha unene wa milimita moja hivi, na urefu wake haukufika sentimita mbili. Walichukua na cha pili, wakavitia kwenye vichupa. Mjomba aliomba aonyeshwe. Alivitazama kwa muda, kama anavyotazama kitambaa anacholetewa, akasema, "Haya. Vikaseme."

Baada ya hapo ni kulala chali saa nyingi bila kunyanyuka, kwa kuwa figo ina damu nyingi na jeraha lake likivuja linavuja kweli. Kila alipokojoa, nesi aliutia mkojo kwenye chupa angavu na kuipanga dirishani, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya kwanza ilikuwa na wekundu hafifu. Ya tatu ilikuwa safi. Tulifundishwa hivyo: wekundu kwenye chupa ni hatari, mwite nesi. Mkaza mjomba alilishika somo lile barabara, na litarudi baadaye.

Majibu hayakuja haraka. Kipande kinapakwa rangi, kinatazamwa, na kama kuna shaka ya limfoma lazima kipakwe tena rangi maalumu zinazoshika alama za juu ya seli, ili ijulikane ni seli za aina gani. Katika kungoja huko nilisoma kila nilichoweza. Nikakuta kwamba mambo haya mawili, figo na limfoma, yalikaa chini ya paa moja tangu mwanzo. Richard Bright, aliyeandika mwaka 1827 kuhusu wagonjwa waliovimba mwili na wenye protini kwenye mkojo, na ambaye ugonjwa wa figo uliitwa kwa jina lake kwa muda mrefu, alifanya kazi katika hospitali ya Guy's mjini London. Thomas Hodgkin, aliyeeleza mwaka 1832 ugonjwa wa tezi ambao sasa unaitwa kwa jina lake, alikuwa hospitali hiyo hiyo, wakati huo huo.

Na karibu na kwetu yuko Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliyeandika mwaka 1958 kuhusu watoto wenye uvimbe wa taya, ambao ni aina ya limfoma. Vipande vya uvimbe kama huo vilipelekwa London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kuona virusi ndani ya seli zake. Limfoma ile bado inawapata watoto wa magharibi mwa Kenya, kandokando ya Ziwa, ambako malaria ni nyingi, nayo huweza kuingia kwenye figo.

Nilichojifunza zaidi ni kwamba limfoma ina milango mingi ya kuingilia figo, na mlango wa mjomba ni mmoja tu. Inaweza kuvimbisha tezi za nyuma ya tumbo zikabana ile mirija inayoshusha mkojo kwenye kibofu, mkojo ukarudi nyuma, figo zikafura kwa maji. Inaweza kupandisha kalsiamu kwenye damu, na kalsiamu nyingi huzikausha figo. Seli zake zinaweza kufa kwa wingi kiasi kwamba asidi ya yuriki inaganda ndani ya mirija. Limfoma ya Hodgkin nayo ina tabia ya ajabu: seli zake hazigusi figo kabisa, ila vichujio vinaanza kuvuja protini, kijana anavimba uso na miguu, anatibiwa figo, na tezi inaonekana baadaye.

Na iko hii ya kujipenyeza moja kwa moja. Miili ya watu waliokufa kwa limfoma ilipopasuliwa na kuchunguzwa, figo zilikutwa zimeingiliwa katika kiasi cha theluthi moja. Lakini hao tayari walijulikana wana limfoma, na wengi wao figo zao zilikuwa zikiendelea na kazi. Kuanzia kwenye figo, figo zikawa ndizo zinazopiga kelele kabla ya kitu kingine chochote, hilo ni nadra sana. Ndiyo maana halimjii mtu akilini, na ndiyo maana nasema karatasi zote zisomwe.

Majibu yalikuwa haya: limfoma ya seli kubwa za B, ambazo ni aina ya limfositi, iliyotapakaa, na alama ya juu ya seli iitwayo CD20 ipo. Ni aina inayopatikana zaidi kuliko zote miongoni mwa zile zisizo za Hodgkin, na inakua kwa kasi.

Neno saratani lilipotua nyumbani, palikuwa na kimya cha msiba. Mkaza mjomba aliuliza kwa nini asiachwe na ugonjwa wa figo tu, ambao angalau una mashine. Mjomba ndiye aliyemjibu, na ndipo nilipojua kwamba alimsikiliza daktari kuliko sisi sote. Alimwambia, "Mke wangu, figo ni kama koti lenye bitana. Koti langu ni zima, limeshindiliwa pamba kati ya kitambaa na bitana mpaka haliwezi kukunjika. Pamba ikitolewa, koti lipo." Mtaalamu wa saratani za damu, tulipomrudishia maneno hayo, alisema hana la kuongeza, isipokuwa kwamba pamba ikikaa sana huacha makovu, kwa hiyo tusichelewe.

Alipigwa picha ya kuona ugonjwa umefika wapi. Leo Nairobi ina mashine za PET, iko Aga Khan kule Parklands na iko hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa. Picha hiyo hutumia sukari yenye mionzi inayong'aa pale penye seli zenye njaa. Kwa figo ina shida yake, kwa kuwa sukari ile hutoka mwilini kupitia mkojo, basi figo na kibofu hung'aa kwa kila mtu, mgonjwa na mzima. Ilitusaidia kuona kwamba kwingineko palikuwa pasafi, isipokuwa tezi chache ndogo nyuma ya tumbo ambazo mkono wa daktari usingezifikia. Alitolewa uboho wa mfupa pia ukapimwa, ukawa safi.

Kabla ya dawa walimpima homa ya ini aina ya B. Nilishangaa, nikaeleweshwa. Dawa ya rituksimabu, inayoshika ile alama ya CD20 na kuziangamiza seli za B, inaweza kuviamsha virusi vya homa ya ini vilivyolala, navyo vikaamka kwa ukali wa kuua. Ni kipimo kidogo cha damu. Yeyote mwenye ndugu anayeandaliwa rituksimabu aulize kama kimefanywa.

Matibabu yenyewe huitwa R-CHOP: rituksimabu, siklofosfamidi, doksorubisini, vinkristini na prednisoloni. Prednisoloni ile ile, sasa kwa wakati wake. Hutolewa kila baada ya siku 21, na kwa kawaida huwa mizunguko 6. Mwanzoni walikwenda taratibu, wakampa alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki, na maji mengi kwa mshipa huku wakipima potasiamu kila mara, maana seli nyingi zikifa kwa pamoja humwaga vilivyomo ndani yake kwenye damu, na figo za mjomba hazikuwa na nguvu ya kuvitoa. Mashine ya dialisisi iliendelea kuwa tayari. Rituksimabu ya kwanza ilimtetemesha meno. Wakaipunguza mwendo, akatulia.

Usiku wa baada ya dozi ya kwanza simu yangu ililia. Mkaza mjomba alikuwa amesimama chooni na chupa mkononi, anasema mkojo wa mzee ni mwekundu, mwekundu kabisa, twende Kenyatta sasa hivi. Doksorubisini ni dawa nyekundu. Huutia mkojo rangi kwa siku moja au mbili, na si damu. Mtu aliyefundishwa kuhofia wekundu alistahili kuambiwa hilo kabla hajarudi nyumbani, na nimewaomba manesi wawaambie wengine, nao wameanza kulisema.

Nilichokiona baada ya hapo kimenikaa. Kreatinini ilianza kushuka. Mkojo wake uliongezeka siku hata siku. Vikao vya mashine vikapunguzwa, kisha nesi wa dialisisi akasema leo hatumwunganishi, tunasubiri majibu ya damu. Yakaja, wakatazamana, akaambiwa arudi nyumbani. Baada ya mzunguko wa pili wa dawa ule mpira wa shingoni ulitolewa. Altrasaundi mpya ilizikuta figo zimerudi kwenye sentimita 11 na kitu, na safari hii daktari aliyepima aliitaja namba kwa sauti, akatugeuzia kioo tuone.

Haikuwa njia laini. Chembe nyeupe zilishuka, akapata homa usiku, na tulikuwa tumeambiwa kwamba homa ya nyuzi 38 wakati wa dawa hizi haingoji asubuhi wala panadoli. Tulikwenda usiku ule, akalazwa kwa antibiotiki za mshipa. Nywele zilikwenda zote, naye hakujali, ana kofia za kutosha. Mchango uliokuwa wa kupandikiza figo ukalipia kinyama, rangi maalumu na sehemu ya dawa. Binamu yangu bado ana figo zake mbili.

Wapo watakaosoma na kuona matumaini ya bure, kwa hiyo niseme wazi. Wengi wenye figo zilizofeli hawana limfoma. Wana presha, wana sukari, wengine wana magonjwa ya vichujio, na kwa wengi wao uharibifu ni wa kudumu. Sisemi kila mtu atolewe kinyama. Figo iliyosinyaa ni hatari kuichoma, na mara nyingi jibu lake haliwezi tena kubadilisha tiba. Ninachodai ni kwamba sababu iandikwe kwenye faili, na pale ambapo sababu hailingani na vipimo, mtu apelekwe kwa daktari wa figo mapema. Mgonjwa asiye na presha wala sukari, figo kubwa, mkojo usio na protini nyingi, kilo zinazoyeyuka: huyo asikubali kuambiwa "ni figo tu". Na familia ina haki ya kuuliza bila kuonekana inamfundisha daktari kazi. Mimi huuliza hivi: daktari, kwa maoni yako, ni nini kilichoziharibu, na kitu gani kwenye karatasi hizi kinakuonyesha hivyo? Sijawahi kufukuzwa kwa swali hilo.

Mjomba amemaliza mizunguko yake. Kreatinini imetua kwenye 138 na haishuki tena. Yale makovu, alisema mtaalamu, ndiyo hayo, na figo zilizobaki zinamtosha akizilinda. Diklofenaki ameiacha. Mgongo ukimsumbua anapumzika, na anapokosa budi anameza panadoli kwa kipimo alichopewa. Anaonekana kliniki mbili, ya figo na ya saratani, na kwa limfoma ya aina yake miaka miwili ya mwanzo ndiyo inayoangaliwa kwa karibu zaidi, kwa kuwa ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya muda huo.

Malalamiko yake sasa ni ya vidole. Vinkristini humgusa mtu kwenye neva, na ncha za vidole vyake zina ganzi. Cherehani anaiendesha vizuri, kanzu anakata na kushona, lakini tundu za kofia, zile za kutobolewa na kuzungushiwa uzi kwa mkono, hazishiki. Sindano inadondoka naye hajui. Amempa binti yake kazi hiyo, anaketi kando yake anamwelekeza. Kila akienda kliniki huonyesha vidole kwanza, kabla ya kitu kingine, na daktari humwambia ganzi hii inaweza kupungua kadiri miezi inavyopita. Mara ya mwisho alimjibu kwamba kidole gumba cha kulia kimeanza kuuhisi uzi, cha kushoto bado.